Namna Nilivyomtungua Anastase

Kama miguu yako imeanza kufa ganzi kuanzia vidoleni, ganzi inapanda kila siku kidogo, na ndugu zako wamekaa sebuleni wakijadili ni nani aliyekupa kinywaji, acha kusoma hapa. Nenda hospitali. Maandishi haya hayatakimbia, utayakuta ukirudi.

Mimi sikwenda. Mimi nilipelekwa kutapishwa, siku nane mfululizo, na kwa sababu ya siku hizo nane nilimchukia mtu asiyehusika karibu mwaka mzima. Naandika sasa kwa kuwa ninashika tena chuma cha kulehemu, na kwa kuwa Espérance, kine wangu, yule anayetufanyisha mazoezi ya viungo, amepata wagonjwa wawili wapya wa ugonjwa huuhuu ambao wamekataa kusogeza hata kidole. Aliniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Nilimwambia ya kutia moyo atawaandikia yeye, mimi nitawaandikia yaliyotokea.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda. Wananiita Papa Aline, kwa jina la binti yangu aliye shule ya bweni. Kazi yangu yote imekaa kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Hivyo viwili visipoweza kubana waya mwembamba, mimi si fundi tena, ni mtu wa kukaa kibarazani na kuuliza kama mvua itanyesha. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, mengine yote yalikuwa kelele.

Anastase naye ni fundi. Kibanda chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Asubuhi tulikuwa tunaazimana bisibisi, mchana tunanyang'anyana wateja, jioni tunapanda mlima pamoja kurudi nyumbani. Kiangazi kile alifanya sherehe ya ubatizo wa mjukuu wake, akatualika majirani wote uani kwake.

Sasa, kwetu huku, na sisi tuliokulia Bukavu ng'ambo ya mto ndiyo zaidi, mtu hakupi chupa iliyokwisha kufunguliwa. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, unasikia mlio wa kifuniko, ndipo unakunywa. Kama ni pombe ya ndizi, mwenye nyumba anaonja kwanza. Tunasema ni adabu tu. Lakini nyuma ya adabu hiyo kuna neno moja ambalo halitamkwi mezani, karuho, ile sumu ya polepole ambayo mama zetu walituonya nayo tangu tukiwa wadogo.

Anastase aliniletea sukre, yaani soda, ikiwa wazi.

"Fundi, unisamehe," alisema akicheka. "Kifunguzi bamekipoteza kule ku bavijana. Nilifungula na meno mu jikoni. Kunywa, iko baridi."

Nilikunywa kwa aibu. Ungefanya nini mbele ya watu wote wale? Mke wangu, Maman Aline, alikuwa ameketi kando yangu, na niliona jicho lake likiifuata ile chupa mpaka ilipoisha.

Siku chache baadaye tumbo liliniendesha, likatulia, nikalisahau. Kisha nikaamka asubuhi moja nikahisi nimevaa soksi ilhali niko pekupeku. Siku ya pili soksi zikafika magotini. Siku ya tatu nilianguka mlangoni kwa kibanda changu, na kaka yangu mkubwa, Papa Déo, akaitwa.

Lazima umjue kaka yangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekalia kiti chake, na tangu siku hiyo akisema sisi wadogo tunanyamaza. Ni mtu mwenye upendo. Upendo wake una sauti kubwa.

"Nani alikupa kintu ya kunywa?" aliuliza. Hakuuliza kunauma wapi.

"Anastase," mke wangu akajibu. "Chupa ilikuwa wazi. Mi niliona na macho yangu."

"Basi njo yeye. Hii ni karuho. Na muntu wa karuho ukimupeleka ku hospitali, bamutiye serumu, ile maji ya mushipa, anakufwa palepale. Karuho na serumu habisikilizani."

Niliamini. Nataka ulielewe hili vizuri, wewe unayesoma na kutikisa kichwa. Nilisoma sekondari, ninafungua kompyuta na kuzifunga, na niliamini kuliko wote. Kuna raha fulani katika kujua adui yako ana uso, na unajua anakoishi.

Tulikwenda kwa mganga mmoja upande wa Gashonga. Tulipanda pikipiki watu watatu, dereva mbele, mimi katikati, Papa Déo nyuma yangu akinishika. Miguu yangu haikukaa kwenye vikanyagio, ilidondoka na kuburuzika, mpaka kaka akavua mkanda wa suruali yake akaifunga miguu yangu pamoja kwenye chuma. Njia nzima aliishika suruali yake kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine. Hilo nalo sijalisahau.

Mganga alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi. Alinipa maji machungu nikatapika ndizi, kisha maji, kisha kitu cha njano. Siku ya nne alinionyesha kitu ndani ya beseni. "Ile pale," alisema, "imeanza kutoka." Lilikuwa ganda la haragwe. Nilikuwa nimekula maharage jana yake, na nilijua kabisa kuwa ni ganda la haragwe, na bado nilimwambia kaka, "Umeona? Anastase huyo."

Siku ya nane sikuweza kushika kikombe, na sauti yangu ilianza kutokea puani. Maman Aline alikuja, akanitazama, akatoka nje. Alirudi na gari la kubebea ndizi. Papa Déo alisimama mlangoni.

"Ukimutoa hapa, akifwa ni juu yako," alimwambia.

"Akibaki hapa atakufwa juu yako," mke wangu akajibu. Hakuwahi kumjibu shemeji yake tangu tuoane. Nililazwa katikati ya mikungu, tukateremka.

Asubuhi ile hospitalini niliwekwa kwenye benchi kusubiri zamu. Mgongo wangu haukuweza kunishikilia, nilikuwa nateleza kidogo kidogo kuelekea sakafuni. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, mkulima wa mpunga kutoka Bugarama, alikuwa ameketi jirani yangu akisubiri mambo yake. Alisogea, akaniwekea bega lake, akakaa hivyo asubuhi nzima. Jina lake lilipoitwa alimwambia anayefuata apite kwanza. Hakuniuliza chochote, na mimi sikujua hata namna ya kumshukuru kwa ile sauti ya puani.

Daktari aliniambia nihesabu kwa pumzi moja. Nilifika tisa. Baada ya saa moja nikafika sita. Hapo wakaacha kuongea polepole, nikatiwa ndani ya gari la wagonjwa, tukaukata msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, mke wangu akinishika taya lisianguke.

Sitakueleza ya kitabibu, waulize wenyewe. Huko hospitali kubwa daktari alitwambia sentensi moja tu niliyoielewa: baada ya lile tumbo kuendesha, mwili wangu ulikosea adui ukaanza kuipiga mishipa yake wenyewe.

"Na sumu?" Maman Aline aliuliza.

"Hakuna sumu hapa, mama. Ingekuwa vizuri mngekuja siku nane kabla."

Siku nane. Nilizisikia zikianguka. Mke wangu alitazama dirisha.

Nilipewa dawa ya chupa mshipani kwa siku tano. Kwa wiki tatu sikuweza kufumba macho, muuguzi aliyafunga kwa plasta kila nilipotaka kulala, akinisemesha kana kwamba namjibu. Mapaja yangu yaliisha. Nilivishwa nepi. Mke wangu alinisafisha, na siku moja alipokuwa ananigeuza nilimsikia akilia kwa hasira, si kwa huzuni. "Anastase," alisema. "Mungu amuone." Nilifurahi kusikia hivyo. Daktari alikuwa ametwambia ukweli, sote wawili tukiwa na akili timamu, na sote wawili tuliuweka kando, kwa sababu ukweli ule ulielekeza kidole nyumbani kwetu.

Nilirudi Kamembe mvua za vuli zikiwa zimeanza. Niliweza kukaa, niliweza kumeza. Miguu iliamka polepole. Mkono wa kulia ulilala tu mapajani. Espérance alikuja mara mbili kwa wiki na beseni la mchele lenye punje za mahindi zilizofichwa ndani, eti nizitafute kwa vidole. Nilimtazama yeye, nikatazama beseni, sikusogeza kitu.

"Papa Aline, vidole habiamuki vyenyewe," alisema.

"Vinaenda kufanya nini? Kuokota mahindi?"

Ni Maman Aline aliyeileta ile kompyuta. Ilikuwa imekaa kibandani miaka, mteja mmoja mwalimu aliiacha akahama nchi. Pamoja nayo kulikuwa na maneti, ile fimbo ya kuchezea inayosimama juu ya kitako, yenye kitufe cha kufyatulia mahali pa kidole cha shahada. Alivipanga juu ya meza mbele ya kiti changu.

"Umechoka kugombana na dari," alisema. "Gombana na hii."

Ndani yake mlikuwa na mchezo wa ndege za vita, za zamani zile zenye pangaboi mbele. Mchezo wenyewe pia mzee. Miti yake ni kama kabichi zilizochorwa, milima ina pembe. Lakini ndege inaruka kama ndege, maana yake ukikosea inakuangusha. Hapo ndipo nilipoanzia, na kama wewe ni mmoja wa wale wawili, anzia hapohapo, nitakueleza namna.

Kwanza usianze ardhini. Mimi nilianza ardhini kwa kiburi. Ukiongeza moto wa injini, pangaboi linaivuta ndege upande wa kushoto, na usipoisahihisha kwa usukani wa mkia utaingia kwenye zile kabichi. Niliingia kwenye kabichi wiki nzima. Kisha nikagundua kuna safari ambazo unaanza ukiwa tayari juu, na hakuna aibu kuzichagua.

La pili ni mkono unaotetemeka. Maneti ilipokea kila mtikisiko wangu kama amri, pua ya ndege ikawa inapiga kichwa kama kuku. Nilitaka kuitupa. Halafu ufundi ukanirudia. Kwenye mipangilio ya michezo hii kuna mahali pa kuamua maneti isogezwe kiasi gani kabla ndege haijasikia. Nikaongeza kiasi hicho mpaka thelathini kwa mia. Ndege ikawa kiziwi, ikatulia. Tangu hapo nilihesabu majira yangu kwa namba hiyo, nikiishusha kadiri mkono ulivyotulia. Mvua za vuli zilikuwa thelathini. Krismasi, Aline aliporudi kutoka shule, ilikuwa ishirini na mbili.

Halafu usivute fimbo kwa hasira. Ukiivuta sana kwenye kona, hewa inayakataa mabawa, ndege inageuka na kuzunguka mpaka chini. Achia, elekeza pua chini, subiri ipate mwendo, kisha iinue polepole. Inaumiza sana mtu mwenye hasira kuambiwa achie. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyotapika Gashonga.

Lakini kidole cha shahada bado hakikufyatua. Nilikuwa napita nyuma ya ndege za adui, naziona zimejaa kwenye duara la kulengea, nakiamuru kidole, nacho kimekaa. Walinitungua wao. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Espérance ameniomba nisiliandike.

Michezo ya zamani haina siri. Majina ya marubani wa adui yamewekwa kwenye faili la kawaida, yeyote anayejua kulifungua anaweza kuyabadilisha, pamoja na maneno yanayotokea kwenye skrini. Nilimtafuta rubani mbaya kuliko wote, yule anayekuja kutoka upande wa jua. Kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, asubuhi nzima, nikafuta jina lake nikaandika ANASTASE.

Tangu siku hiyo kila nilipoanguka skrini iliniambia: Umetunguliwa na Anastase. Damu ilinichemka. Nilikuwa naisoma kwa sauti, kisha naanza tena. Nilimwona akicheka, nilimwona na kifuniko cha chupa kati ya meno yake. Niliamka nikimwaza, na chai sikuimaliza ili nimfuate haraka. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa maneno machache ya Kifaransa ambayo mama asingependa niyajue. Na katikati ya matusi hayo, mvua ikipiga mabati, kidole changu cha shahada kilijikunja. Kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele, na risasi zikatoka.

Espérance alikuja akakuta kimejikunja mara ya tano.

"Uko napiga nani?"

"Muntu."

Alisoma skrini. Anaishi mtaa huuhuu, jina halikuwa geni kwake. Akanishika kiwiko. "Basi umupige na kidole tu. Si na mukono muzima. Bega litulie."

Sasa nitasema jambo ambalo lilinipita kooni kama mfupa. Nilijua Anastase hakunifanya lolote. Nilijua tangu hospitali. Lakini kidole hakikuamka kwa ajili ya daktari, wala kwa ajili ya mahindi ya Espérance, kiliamka kwa ajili ya Anastase, na mimi sikuwa tayari kumwachia. Kuna siku nilifungua lile faili nikaandika DÉO. Nilitazama herufi zile tatu. Nikaukumbuka mkanda wa suruali. Nikazifuta kabla sijahifadhi, nikamrudisha Anastase mahali pake.

Kaka mwenyewe alikuja kila Jumapili baada ya misa. Alikaa, aliuliza ninakula, aliniombea. Hakuzitaja zile siku nane hata mara moja. Alipenda kusema, "Tulikutoa mbali, mudogo wangu," na mimi nilimwitikia.

Ilikuwa mwezi wa pili, namba yangu iko kumi na mbili, nilipompata. Nilikuwa nimejifunza kutomfukuza akigeuka. Nilipanda juu, nikangoja upande wa jua kama anavyofanya yeye, nikajizuia nisifyatue mpaka mabawa yake yakajaa duara lote. Kisha nikabana. Nilibana kwa kidole tu, bega limetulia. Bawa lake liliondoka, ndege ikaanguka ikizunguka, na skrini ikaandika: Anastase ametunguliwa.

Nilipiga kelele. Maman Aline alikuja mbio, mikono ina unga wa sambusa, akidhani nimeanguka. Alinikuta nimesimama. Nilikuwa nimesimama bila kushika meza, nikionyesha skrini. Alicheka, akasoma, kicheko kikakatika.

"Papa Aline," alisema. "Kwake batu habanyweki tena."

"Kwa nani?"

"Kwa Anastase. Tangu uanguke. Ku komunyo ya kwanza ya mutoto wake alinunua makreti ya sukre, bikarudi bijaa. Batu balikaa, bakasema kiu hakiko. Na ku kibanda hakuna muntu anamupatiya simu, banasema anaweza itiya kintu." Alijifuta unga kwenye kitenge. "Mi njo nilisemaka. Mi na Papa Déo. Tulisema ku kila muntu."

Nilifurahi. Naandika hivi ili usije ukaniona mtakatifu. Kwa siku nzima nilifurahi kwamba nilipokuwa nimelala kama gunia yeye naye alikuwa anaanguka. Siku iliyofuata nikamtungua tena, na tena, na kidole kikawa chepesi, na kila mara nilimwona mtu amekaa kati ya makreti yaliyojaa, mtoto wake amevaa nguo nyeupe. Utamu ukapungua. Sikuacha kwa sababu ya wema. Niliendelea mpaka namba ikafika tano, maana mkono nilikuwa bado nauhitaji.

Pasaka ilipokaribia Espérance aliniamuru nitembee mpaka kibandani kwa fimbo. Nilipofika, nilimkuta Anastase ameketi mbele ya meza yake. Mezani hapakuwa na simu hata moja. Alikuwa amekonda kunishinda.

"Uko natembea," alisema.

"Niko najaribu."

"Banasema nilikuua. Angaliya vile ulikufwa bubaya."

Nilitafuta maneno, nikayapata machache, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho akikuna kidevu.

"Apa ku barabara nani atasikia?" aliuliza. "Kuya siku ya Mungu, nyuma ya misa. Na bibi yako. Na Papa Déo, usimusahau huyo. Mutakuya kunywa."

Jumapili hiyo ua wake ulijaa. Aliwaita wote waliokuwepo kwenye ubatizo, na wote walikuja, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. Tulipewa viti vya mbele, mimi, Maman Aline kulia kwangu, Papa Déo kushoto. Kaka alininong'oneza, "Usiguse kintu. Useme uko na dawa." Mbele yetu palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza kifunguzi kipya kinang'aa, kimewekwa pale ili kila mtu akione.

Anastase hakukigusa. Aliingia jikoni. Ua mzima ulisikia kifuniko kikitoka, pah, ndani, mahali ambapo hakuna jicho lililofika. Alikaa huko muda. Akatoka na sukre moja, wazi, akaiweka mbele yangu, akasimama amekunja mikono. Nilimtazama usoni nikaona kitu ninachokifahamu vizuri, kwa kuwa nilikaa nacho tangu mvua za vuli.

Niliacha fimbo iegemee kiti. Ningeweza kutumia mkono wa kushoto, ule mzima, hakuna ambaye angenilaumu. Nikanyoosha wa kulia. Ulitetemeka. Kidole gumba kikakaa, cha shahada kikajikunja, chupa ikainuka. Nilikunywa mpaka chini bila kushusha, nikaigeuza wakaona hakuna tone. Mtu nyuma yangu alishusha pumzi. Ilikuwa baridi, na tamu mno.

"Kweli mukono umepona," Anastase alisema. Kisha akageukia jikoni. "Lete ya pili. Na muifunguliye kulekule."

Ya pili aliiweka mbele ya mke wangu. Maman Aline aliinywa machozi yakimdondoka hadi kitengeni, na alipomaliza aliinuka, akamwambia mke wa Anastase mbele ya watu wote, "Ni mi njo nilisema. Ni mi." Wakashikana mikono, hawakuachiana haraka.

Ya tatu iliwekwa mbele ya Papa Déo.

Kaka yangu mkubwa aliitazama chupa ile. Akatazama mlango wa ua. "Unajua niko na vidonda vya tumbo," alisema, sauti yake kubwa imepungua kabisa. "Daktari alinikatazaka sukari." Watu walinitazama mimi, maana mimi ndiye mdogo wake, na mdogo hamsemeshi mkubwa wake mbele za watu.

Nilifikiri juu ya pikipiki, na ule mkanda. Nilifikiri pia juu ya ganda la haragwe, na siku nane. Nikainua mkono wa kulia, nikaweka kidole cha shahada kwenye kitako cha chupa, nikaisukuma polepole juu ya meza, bega limetulia, mpaka ikamgusa vidoleni.

"Kunywa, kaka," nikamwambia.

Akanywa.